Samaki Anakula Kwenye Kituo: Kuchagua na Kurekebisha Jekibaiti za Maski

Hotuba hii niliitoa Minneapolis, Marekani, kwenye mkusanyiko wa wavuvi wenzangu tunaozungumza Kiswahili, msimu wa kuvua maski, samaki mkubwa wa maziwa ya huku, ulipokuwa unakaribia kufunguliwa. Wengi walikuwa zamu kazini wakaniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa picha za ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, dada zangu, vijana, hamjambo? Nawashukuru sana, hasa nyinyi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa badala ya kwenda kulala.

Nianze na swali, na naomba mnijibu kwa sauti. Maski anakipiga chambo saa ngapi? Unapokivuta, au unapokiacha?

Naona mmegawanyika. Mzee wangu pale nyuma anasema unapokivuta. Vijana huku mbele wamenyamaza. Basi nitawaambia ninavyoamini mimi, na mengine yote nitakayoyasema leo yanatoka hapo: kwa jekibaiti, chambo tunachokizungumzia leo, mara nyingi samaki anapiga unapokiacha. Umevuta, umeacha, mshipi umelegea, chambo kinapanda polepole au kinageuka ubavu. Hapo ndipo. Duka linakuuzia mvuto, maana mvuto ndio unaoonekana kwenye video. Lakini samaki anakula kwenye kituo, pale chambo kinaposimama. Kwa hiyo ukitaka kuchagua chambo, ukitaka kukirekebisha, jiulize swali moja tu: kinafanya nini nisipokivuta?

Kwa waliokuja leo kwa mara ya kwanza, nieleze kidogo. Jekibaiti ni vile vyambo bandia vikubwa, vya mbao au plastiki, vyenye ndoana mbili au tatu, kila moja ya ncha tatu, chini ya tumbo. Havina kijiko kinachozunguka, wala mdomo mpana wa kuvitikisa. Ukikunja rili tu, lile gurudumu la mshipi, bila kufanya lolote, vinakuja vimenyooka, vimekufa. Uhai wake wote unatoka mkononi mwako, kwa kuvishtua kwa fimbo. Ndiyo maana vina raha yake, na ndiyo maana vinachosha mabega.

Na maski mwenyewe? Maski si sangara. Wengi wetu tuliotoka kandokando ya Ziwa Victoria tukisikia samaki mkubwa wa ziwani tunamfikiria sangara, mwili mpana, mgongo uliopinda. Huyu ni mrefu na mwembamba, mdomo umechongoka na umejaa meno. Asili yake ni Amerika Kaskazini tu: eneo la Maziwa Makuu, mto St. Lawrence, vyanzo vya Mississippi, bonde la Ohio. Wisconsin walimfanya samaki rasmi wa jimbo lao mwaka 1955. Kule Hayward wamejenga jumba la makumbusho kwa umbo lake, lina urefu wa futi 143, unapanda ndani unasimama mdomoni unatazama mji. Karibu na mji huohuo, mwaka 1949, walivuliwa wale wawili ambao watu wanabishana juu yao mpaka leo: wa Cal Johnson, ratili 67 na aunsi 8, na wa Louis Spray, ratili 69 na aunsi 11. Kitabu kimoja cha rekodi kinamtambua huyu, kingine kinamtambua yule.

Jambo moja tu kuhusu tabia yake, maana bila hilo hamtanielewa. Maski ni samaki anayefuata. Anatoka mafichoni, anakuja nyuma ya chambo, anakifuata hatua kwa hatua mpaka kwenye boti, anakitazama, kisha anazama anaondoka. Kila aliyewahi kuvua maski hapa anajua uchungu huo. Sasa fikirini: samaki anayefuata ameshakiona chambo, ameshakikubali nusu. Anasubiri nini? Anasubiri kitu kibadilike. Chambo kinachokuja mwendo uleule, kina kilekile, hakimpi sababu ya kuamua. Chambo kinachosimama, kikaning'inia, kikamwonyesha ubavu mbele ya pua yake, kinamlazimisha. Ale au aache. Kituo ndicho kinachomlazimisha.

Sasa tuje kwenye kuchagua.

Jekibaiti zina koo mbili kubwa. Kuna ukoo wa vyambo vya kupiga mbizi na kuna ukoo wa vyambo vya kuteleza. Cha kupiga mbizi kinaelea. Ukikivuta kwa mkono mrefu kinazama pua mbele, ukiacha kinapanda chenyewe kurudi juu. Cha kuteleza hakishuki sana. Ukikigusa kwa mshtuo mfupi kinakwenda kushoto, ukikigusa tena kinakwenda kulia, mwili wote ukigeuka ubavu.

Wa kwanza katika ukoo wa mbizi, kwangu mimi, ni Suick. Mnamjua Frank Suick? Alikuwa mtu wa Antigo, Wisconsin. Simulizi inayopendwa na wavuvi wa kule ni kwamba alikwenda Ziwa Pelican na chambo chake cha mbao, akavua maski wa ukubwa halali kila siku, siku 30 mfululizo. Kila mtu anayesimulia habari hiyo anashangilia ile hesabu ya 30. Mimi ninachokishangilia ni mkia. Kitazameni chambo hiki, nakipitisha mikononi mwenu, angalieni ndoana. Ni ubao tu, mrefu, mwembamba. Lakini kule mwisho kina bamba la chuma. Bamba hilo linakunjika kwa vidole. Maana yake nini? Maana yake aliyekitengeneza hakutaka kikae kama kilivyotoka dukani. Alikuachia wewe kazi ya mwisho. Miaka mingi imepita na bado kinauzwa, na bado mkia unakunjika, na bado watu wanakinunua wanakifunga mshipini bila kuugusa mkia huo hata mara moja!

Nitarudi kwenye mkia. Kwanza, utachaguaje kati ya koo hizi mbili? Usianze na rangi. Usianze na bei. Anza na mahali alipo samaki.

Mwezi Juni na Julai, kwenye maziwa yetu mengi hapa Minnesota, maski anakaa ndani na juu ya magugu maji, yale ya majani mapana ambayo wenyeji wanayaita kabeji. Chukua mfano magugu yameota mpaka yamebakiza futi nne kufika juu. Chambo kinachozama kinaingia katikati ya majani, unatoa rundo la majani kila ukirusha. Cha kupiga mbizi kinashuka mpaka kinagusa vichwa vya majani, unaacha, kinapanda nyuma-nyuma, kinajitoa chenyewe. Mahali hapo hakuna kinachokishinda. Suick ya kawaida, Bobbie Bait, chochote cha ukoo huo.

Ukitoka kwenye ukingo wa magugu, pale kina kinapoanza, mimi nachukua cha kuteleza, kama Reef Hawg. Pale una nafasi ya pembeni, na chambo cha kuteleza kinahitaji nafasi ya pembeni. Ukija msimu wa vuli, maji yamepoa, kuna samaki mdogo mwenye mafuta anayeitwa tulibi anayekuja kutaga kwenye miamba ya maji mafupi. Maski anamfuata. Hapo nataka chambo kizito kidogo, kinachoshuka na kukaa chini muda mrefu, kinachopanda taratibu sana. Mwezi wa Oktoba samaki hana haraka, na chambo kinachoruka juu upesi kinamwacha kabla hajafika.

Rangi? Nitasema machache. Maji meusi au jioni, chambo cheusi au cha machungwa. Maji meupe na jua, rangi ya fedha au ya samaki wa ziwa hilo. Kuna watu wana masanduku manne ya rangi na hawajui hata kimoja kati ya vyambo vyao kinapanda kwa kasi gani. Ningekuwa na uwezo ningewanyang'anya masanduku matatu.

Kama unaanza, nunua viwili. Kimoja cha mbizi, kimoja cha kuteleza. Vijue. Vijue kama unavyowajua wanao.

Sasa naingia kwenye kurekebisha, na hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo nitakapokaa.

Kuna mzee mmoja kaskazini mwa Wisconsin, maisha yake yote amewapeleka wageni ziwani kuvua maski. Alinialika kwenye karakana yake majira ya baridi. Juu ya meza aliweka vyambo viwili: aina moja, ukubwa mmoja, rangi moja, kiwanda kimoja. Kimoja kilikuwa na alama za meno kila mahali, rangi imebanduka. Kingine kilikuwa kinang'aa kama kilivyotoka kwenye pakiti. Akaniuliza, kwa nini hiki kinaliwa na hiki hakiliwi, ilhali navitumia vyote? Nikanyamaza. Akavitia vyote kwenye pipa la maji, akavisukuma mpaka chini kwa vidole viwili, akaachia. Chenye kung'aa kiliruka juu mara moja. Chenye makovu kilisita kwanza. Kisha kikapanda, mgongo ukiwa sawasawa, taratibu, unaweza kukihesabia. Ubao wa hiki ulikuwa mzito kuliko ubao wa kile. Basi. Mti ni mti, ndugu zangu, hata ukikatwa na mashine moja hautoki na uzito mmoja. Mwerezi ni mwepesi, mepo ni mzito, na hata ndani ya mti mmoja kipande na kipande havifanani.

Yule mzee hakukitupa kile kinachong'aa. Alikitengeneza palepale mbele yangu. Na hivi ndivyo alivyofanya, na hivi ndivyo nifanyavyo mimi.

Kwanza, kifunge chambo kila kitu kitakachokwenda nacho ziwani. Ndoana zote. Pete zote. Waya wa mbele. Kwa nini? Kwa sababu hivyo vyote vina uzito, na chambo kikipimwa kikiwa uchi kitakudanganya.

Pili, kitie majini. Hodhi la kuogea linatosha, lakini maji yawe baridi. Sisemi hivi kwa kupenda mateso. Maji baridi yana uzito zaidi kuliko maji ya vuguvugu, kwa hiyo yanakibeba chambo zaidi. Chambo kinachokaa katikati bila kupanda wala kushuka kwenye maji ya nyuzi 70 za Farenhaiti kinaweza kuanza kuelea kwenye maji ya nyuzi 45. Ukikipima kwenye maji ya moto ya bafuni, halafu ukakipeleka Ziwa Mille Lacs mwezi wa Novemba, utashangaa kwa nini kimebadilika. Mimi natia barafu kwenye hodhi.

Tatu, tazama kinavyokaa. Kinakaa sawasawa? Pua imeinama? Mkia umeinama? Kisukume chini, achia, tazama kinavyopanda. Watu wa pwani mliokulia karibu na majahazi mnajua farumi, ule mzigo unaowekwa chini ya chombo kisicho na shehena ili kisiyumbe. Chambo nacho kina farumi yake, na wewe ndiye unayeiweka. Chukua vipande vidogo vya uzito vyenye gundi, au uzito laini wa tungsteni unaofinyangwa kwa vidole, bandika kimoja tumboni, nyuma kidogo ya ndoana ya mbele. Sukuma tena, achia tena. Bado kinaruka? Ongeza kidogo. Kidogo, nasema! Tofauti kati ya chambo kinachopanda vizuri na chambo kinachozama moja kwa moja ni ndogo kuliko unavyodhani.

Ukisogeza uzito mbele, pua inashuka, chambo kinapiga mbizi kwa ukali zaidi, na ukiacha kinapanda mkia ukitangulia. Ukiusogeza nyuma, pua inainuka. Mimi nakipenda kikiwa sawasawa, au pua chini kwa nywele tu. Chambo kinachopanda pua juu, mkia ukining'inia, sijawahi kukipenda.

Ukishapata mahali pake na kiasi chake, weka alama kwa kalamu. Kama ni cha mbao, unaweza kutoboa kwa drili pale tumboni, katikati kabisa, ukatia uzito ndani na kuziba kwa gundi ya epoksi. Narudia: katikati kabisa. Tundu likienda pembeni, chambo kitalala upande mmoja maisha yake yote. Kama ni cha plastiki chenye uwazi ndani, usitoboe, maji yataingia. Bandika nje.

Na hapa niseme la risasi. Wengi tunatumia chubwi za risasi kwa mazoea. Ndege rasmi wa Minnesota, luni, yule mweusi mwenye madoadoa meupe na macho mekundu anayelia usiku, anakufa kwa kumeza vipande vidogo vya risasi vilivyoachwa ziwani. Kipande ulichokibandika kwa gundi kinaweza kubanduka. Kama unaziba ndani ya ubao kwa epoksi, ni afadhali. Kama unabandika nje, nunua tungsteni au bati. Inazidi bei kidogo. Nunua.

Sasa mkia wa Suick, niliahidi kurudi. Ukiukunja chini, maji yanausukuma mkia juu, pua inashuka, chambo kinakwenda chini zaidi. Ukiunyoosha, kinabaki juu. Kunja kwa vidole, kidogokidogo, upana wote kwa pamoja. Ukikunja pembe moja tu, bamba linapinda na chambo kitaanza kulala ubavu. Ukizidisha kukunja, kinagoma kabisa, kinapinduka. Na msiwe mnakunja na kunyoosha kila dakika kumi, chuma kinachoka, kinakatika. Amua unavua kina gani leo, kunja, jaribu pembeni ya boti pale unapokiona, kisha rusha.

Kinachokwenda upande mmoja je? Chambo cha kuteleza kinachokubali kushoto tu na kukataa kulia? Kabla hujalaumu chambo, angalia kijicho cha mbele, ile skrubu yenye tundu pale unapofunga waya. Kimekaa katikati? Shika chambo pua ikikutazama. Kama kinapokuja kwako kinakimbilia kushoto kwako, kikunje kijicho kulia kwako kwa plaizi, kiasi cha unene wa karatasi, ujaribu tena. Mara nyingi hilo linatosha. Na hakikisha vijicho vyote havijalegea. Kilicholegea kitoe, tia epoksi kwenye tundu, skrubu tena. Samaki wa ratili 40 akijizungusha, kijicho kilicholegea ndicho cha kwanza kung'oka.

Kuna dada yetu mmoja, yuko hapa leo, ni muuguzi, sitamtaja jina. Alikuwa na chambo alichokipenda, kilichompa samaki msimu mzima. Mwaka uliofuata kikafa. Hakuna kilichofuata, hakuna kilichopiga. Akaniletea akisema kimeisha bahati. Nikamuuliza, umekifanya nini? Akasema sijakifanya kitu, nimebadilisha ndoana tu, zile za zamani zilikuwa na kutu. Akanionyesha mpya: nzuri, kali, lakini nyembamba, nyepesi. Tukakitia majini. Kilikuwa kinaruka juu kama... hata sina mfano, kilikuwa kinaruka tu. Ndoana zake za zamani ndizo zilizokuwa farumi yake! Tukaongeza uzito mdogo tumboni kufidia, tukapima, tukapima tena. Dada, waambie kilichotokea mwezi wa Septemba. Haya, anacheka, mtamuuliza wenyewe baadaye.

Na kuna upande wa pili wa jambo hilo. Chambo cha mbao kikishang'atwa sana, rangi inapasuka na mbao inakunywa maji. Kinazidi kuwa kizito kila siku unayokitumia. Wengine wanakipenda hivyo bila kujua kwa nini. Mimi nakikausha ndani ya nyumba siku kadhaa, naziba alama za meno kwa epoksi, kisha nakipima upya. Mkifungua sanduku mwezi Mei, msiamini mlichokijua Novemba. Pimeni upya.

Niende haraka kwenye waya na fimbo. Kwa jekibaiti natumia waya mmoja mgumu, usiosokotwa, kama inchi 12. Ugumu wake una kazi: chambo kikigeuka kwenye kituo, ndoana hazinasi kwenye mshipi. Mshipi wa kusuka, ratili 80 au 100, usionyumbuka. Na fimbo ielekeze chini. Vuta kuelekea majini, kisha rudisha ncha ya fimbo kuelekea kwenye chambo huku ukikunja ulegevu. Kwa cha kuteleza, uachie ulegevu kidogo, maana chambo kilichokazwa mshipi hakiwezi kugeuka. Wengi wanavuta vizuri sana halafu wanakaza mshipi mapema. Wamekiua kituo. Kila marekebisho tuliyoyafanya kwenye hodhi yamekwenda bure.

Kwa nini nasisitiza mshipi usionyumbuka na ndoana kali? Kwa sababu maski akifunga taya juu ya ubao, meno yanazama ndani ya mbao. Anakishika chambo kisiteleze. Ukivuta, unavuta samaki mzima, ndoana hazisogei. Lazima chambo kisogee mdomoni mwake ndipo ncha ziingie. Basi chukua tupa, noa. Pitisha ncha juu ya ukucha: ikiteleza, bado. Ikikwaruza na kung'ang'ania, tayari. Na ukihisi mguso kwenye kituo, au ukiona mshipi umeruka, au ukivuta chambo na hakiji, usiulize. Vuta kwa nguvu zako zote.

Na usitoe chambo majini kikifika kwenye boti! Nani hapa hajaona samaki akitokea nyuma ya chambo wakati mkono umeshainua fimbo? Kijana mmoja wa Kigoma tuliyekuwa naye Ziwa Vermilion alikuwa anafanya ile nane ya majini, yaani kuchora namba nane kwa fimbo kando ya boti chambo kikiwa bado majini, lakini upesi upesi, duara dogo, ncha ya fimbo juu ya maji. Samaki akamjia mara ya kwanza akashindwa kukata kona, akaondoka. Samaki mrefu kama huyo hawezi kugeuka kwenye duara dogo. Nikamwambia, ingiza fimbo majini mpaka karibu na rili, zungusha mapana kadiri mikono yako inavyofika, kwenye kona shuka chini, ukitoka kwenye kona panda juu na upunguze mwendo. Jekibaiti haichezi yenyewe kwenye mzunguko, kwa hiyo kona ndiyo kituo chake. Jioni hiyohiyo alipigwa kwenye kona, maji yakamlowesha kifuani.

La mwisho, na hili wazee wangu mnaniuliza kila mwaka. Mnasema, mwanangu, samaki wa ukubwa huo unamrudishaje majini? Nawajibu kwa heshima. Sheria ya Minnesota inakuruhusu kubaki na maski aliyefika inchi 54 tu, na wengi mtakaowavua hawafiki. Samaki mwindaji mkubwa hukusanya zebaki mwilini, na sitaki wajukuu zenu waile. Halafu jike wa inchi 50 amechukua zaidi ya miaka kumi kufika hapo. Kwa kitoweo kuna samaki wengine wengi watamu katika maziwa haya haya.

Lakini kumrudisha si kumtupa. Wavu mkubwa uliopakwa mpira, samaki abaki majini ndani ya wavu wakati unatoa ndoana. Plaizi ndefu. Na mkasi wa kukatia nondo, huo usikose: ndoana ikiwa imeingia vibaya, ikate, ni dola chache. Picha moja, mikono miwili, samaki amelala sawasawa, asining'inizwe kwa taya. Maji yakifika nyuzi 80 za Farenhaiti, acha maski kabisa, nenda kavue kitu kingine. Samaki aliyepigana kwenye maji ya moto anaogelea anaondoka mbele ya macho yako, halafu anakufa baadaye usipomwona.

Nimesema nilichokuja kusema. Msimu unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, hakikisheni leseni ziko tayari, na mkitoka kila ziwa toeni kizibo cha boti, maji yote yamwagike, magugu yote yaondolewe. Nje kwenye maegesho tumeweka tangi la maji na barafu. Aliyeleta chambo akipime pale pamoja nasi, dada muuguzi atawasaidia kwenye uzito, mimi nitakuwa kwenye mikia na vijicho. Anayetaka kunoa ndoana, tupa ziko kwenye meza ya kushoto. Tafadhali zifunikeni ndoana mpaka mfike kwenye tangi, kuna watoto wanacheza pale mlangoni. Asanteni sana.